Kamera Mpya, Macho ya Kuazima

Wapo washikaji humu humu ndani ya kundi letu wanaoamini kwamba mtu akishatundika kamera nzuri shingoni, ukweli unamfuata wenyewe kama mbwa anavyomfuata bwana wake. Utawasikia vijiweni: "Picha haidanganyi, bwana. Maneno ndiyo yanayodanganya." Na wanaosema hivyo ni waandishi! Mtu anakesha na kalamu mpaka umeme unakatika, halafu asubuhi anakwambia kwamba mashine ina ukweli kuliko yeye. Mimi nawapinga, tena nawapinga kwa ushahidi, maana kamera yenyewe mliyoichangia ninayo mkononi, na nimeitembeza Mpitimbi siku tisa mfululizo.

Kwa wasiofahamu (na wasomaji wetu wa mjini wengi hamfahamu, msibishe), Mpitimbi iko Songea Vijijini, mkoani Ruvuma, kusini mwa mji wa Songea kama unaelekea Muhukuru na mpaka wa Msumbiji. Ni nchi ya Wangoni, nchi ya mahindi. Nimekwenda mwezi wa Oktoba makusudi. Mpitimbi ipo karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: Oktoba, kabla mvua hazijaanza, na tena Februari. Oktoba mashamba yanasafishwa, watu wanachoma majani, moshi umetanda, vumbi la barabarani jekundu linaingia mpaka ndani ya soksi. Kamera yoyote inaweza kupiga picha nzuri saa kumi na mbili jioni ufukweni Oysterbay. Nilitaka kuiona hii ikihangaika.

Jina la kampuni sitalitaja. Kwanza, hawajanipa hata kofia. Pili, kasoro nitakazozisema si za kampuni moja, ni za ukoo mzima. Itoshe kusema kwamba ni kamera ya kidijitali ya kizazi hiki kisicho na kioo ndani, ya megapikseli 24, imekuja na lenzi yake moja ya kawaida, betri mbili, na kitabu cha maelezo ambacho kimeandikwa kwa lugha nyingi duniani isipokuwa hii unayoisoma.

Tuanze na sifa, nisije nikaitwa mchawi. Ni nyepesi. Betri moja ilinipeleka siku nzima bila kuomba chaji, jambo la maana mahali ambapo chaji unaifuata kwa jirani mwenye sola. Inalenga haraka ajabu. Siku ya nne palikuwa na harusi, jioni ikapigwa lizombe, na wale mnaoijua lizombe mnajua kwamba si ngoma ya kupigia picha ukiwa umekaa. Wanaume wanaruka, njuga miguuni, vumbi linatimka, mtu yupo hapa, mara yupo kule. Nikaweka kasi ya sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, nikabonyeza. Bomba! Mguu umesimama hewani, chembe za vumbi unaweza kuzihesabu, jasho linang'aa shingoni. Hapo naivulia kofia. Mwaka 1975 Steven Sasson, injinia wa Kodak kule Marekani, alipounda kamera ya kwanza ya kidijitali, ilikuwa na megapikseli 0.01, picha zake nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuihifadhi moja kwenye kaseti. Katika sekunde 23 mcheza lizombe ameshamaliza, ameshakunywa maji, ameshakwenda kutongoza.

Lakini hizo megapikseli 24 mnazozitangaza kama mahari, tuzipigie hesabu kidogo. Picha ya megapikseli 24 ni nukta 6,000 kwa 4,000. Sasa niambieni, picha zinazosafishwa zaidi mjini Songea, Mbinga, Tunduru, na hata hapo Kariakoo, ni zipi? Ni pasipoti saizi. Pasipoti saizi ya milimita 35 kwa 45, ikisafishwa kwa ubora wa juu wa nukta 300 kwa inchi, inahitaji nukta kama 413 kwa 531. Zidisha mwenyewe: hazifiki 220,000. Maana yake katika kila nukta 100 ulizozilipia, karibu 99 hazina kazi. Zinakaa tu kwenye kadi zinakula nafasi. Na hata jarida letu, ambalo ukurasa wake ni nusu ya A4, halijawahi kuhitaji robo yake. Kwa hiyo mshikaji akija kijiweni akisema ya kwake ina 48, ya kwako ina 24, mwulize anachapisha mabango ya barabarani?

Hilo ni dogo. Kubwa lipo kwenye mwanga.

Ndani ya kila kamera kuna kipima mwanga, na kipima mwanga hakina akili. Kimefundishwa jambo moja tu: kwamba dunia ukiichanganya yote, weupe na weusi wake, unapata kijivu fulani cha katikati, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Basi chochote unachokielekezea, kinajitahidi kukivuta kwenye kijivu hicho. Siku hizi mahesabu yake yamekuwa ya kisasa, yanagawa picha vipande vipande, yanatafuta nyuso, lakini mzizi ni ule ule. Sasa mweke mzee wetu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, saa saba mchana, Oktoba. Kamera inaona chokaa, inaona mbingu, inasema, "Lahaula, mwanga umezidi!" Inapunguza. Chokaa inatoka kijivu safi. Mzee anatoka shimo. Shimo lenye kofia na meno.

Halafu fanya kinyume chake. Msogelee mzee huyo huyo mpaka uso wake ujaze picha nzima, kivulini. Kamera sasa inaona weusi mtupu, inasema, "Giza limeingia!" Inaongeza. Mzee anatoka amepauka kama aliyepakwa majivu. Mtu mmoja, kofia moja, dakika tano, rangi mbili, na zote mbili si zake. Halafu mtu ananiambia picha haidanganyi.

Dawa ipo, sikatai. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Pale ukutani nikaongeza vituo kimoja na nusu vya mwanga. Mzee akarudi, mikunjo ya paji la uso ikaonekana, hata sindano ya mvi kidevuni. Mbingu ikaungua ikawa nyeupe kama karatasi. Basi iungue! Sikupanda gari mpaka Mpitimbi kupiga picha za mbingu.

Naomba mnivumilie kwa hesabu moja zaidi, maana hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kamera hii inaweza kuhifadhi picha kama faili ghafi ya biti 14. Hizo ni ngazi 16,384 za mwanga, kutoka gizani mpaka weupe kabisa. Unaona ni nyingi. Lakini kihisi cha mwanga kinahesabu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo nusu nzima ya ngazi hizo, 8,192, inakwenda kwenye kituo kimoja tu cha juu kabisa: mawingu, shati la bwana harusi, meno. Kituo kinachofuata kinapata 4,096. Kinachofuata 2,048. Inashuka hivyo hivyo, kama mgao wa nyama unaoanzia meza ya wakubwa; waliokaa kivulini wanafikiwa na mifupa. Na ukipiga kwa JPEG, kama tunavyopiga wengi, ngazi zote zinabanwa ziwe 256 tu kwa kila rangi. Ndiyo maana uso mweusi uliopigwa kwa mwanga haba, ukijaribu kuuinua baadaye kwenye kompyuta, unajaa chenga kama televisheni ya zamani iliyokosa antena.

Kwa hiyo kuna mambo hapa ambayo ni fizikia tu, hayana mwenyewe. Nyeusi inarudisha mwanga kidogo, basi. Sitaki kuwa kama wale wanaoona mkono wa beberu hata kwenye upele. Lakini baada ya fizikia kuna maamuzi. Kuna watu waliokaa mezani wakaamua kamera ikiona kahawia igeuze iwe kahawia gani, ikiona ngozi ilainishe kiasi gani, ikikuta uso na mbingu vinagombania mwanga impendelee nani. Watu hao walikuwa na picha za kujaribia mbele yao. Swali langu ni moja: nani alikuwa kwenye picha hizo?

Kwa kamera za filamu jibu linajulikana, na lina jina. Shirley. Tangu miaka ya 1950 Kodak walizigawia maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ngozi nyeupe, nguo za rangi kali. Wa kwanza aliitwa Shirley. Wakaja wengine baada yake, jina likabaki la yule yule. Fundi akishaona ngozi ya Shirley imekaa sawa, basi mashine imekaa sawa, na dunia nzima ipite humo humo. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika habari hizi mwaka 2009, na aliyoyakuta yanachekesha mpaka yanauma. Wazazi weusi walilalamika kwamba watoto wao hawaonekani kwenye picha za shule. Lakini waliosikilizwa zaidi, wakaisukuma Kodak kuboresha namna filamu inavyoshika rangi za kahawia na nyeusi, ni watengenezaji wa chokoleti na wauza samani. Chokoleti, jamani! Meza ya mpingo ilionekana kabla ya mwenye mpingo.

Hapo jirani zetu tu, ng'ambo ya Mto Ruvuma, serikali ya Samora Machel ilimwalika mtengeneza filamu wa Ufaransa, Jean-Luc Godard, mwishoni mwa miaka ya 1970 aje awasaidie kufikiria televisheni ya nchi mpya. Inasimuliwa kwamba aligoma kutumia filamu ya Kodak, akisema ni ya kibaguzi. Wapo waliomwona mwendawazimu. Na wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, mwaka 1970 waligundua kwamba kamera za kampuni yao zinatumika Afrika Kusini kupigia picha za pasi, zile pasi za makaburu za kumzuia Mwafrika asitembee katika nchi yake. Wakapiga kelele, Hunter akafukuzwa kazi, hawakunyamaza. Mwaka 1977 Polaroid wakaondoka Afrika Kusini. Tazama vizuri hapo: walipotaka kutukamata, uso mweusi ulionekana vizuri tu. Kamera iliyotumika ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi.

Mtasema hayo ni ya zamani, ya enzi za filamu. Haya, mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizijaribu programu tatu kubwa za kompyuta zinazoangalia uso na kusema huyu ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe hazikukosea zaidi ya asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, iliyofanya vibaya zaidi ilikosea asilimia 34.7. Hiyo si filamu, hiyo ni dijitali. Mwaka 2021 ndipo Google walipotoa simu ya Pixel 6 na mfumo walioupa jina la Real Tone, wakakiri waziwazi kwamba kamera kwa miaka mingi hazikututendea haki. Na Transsion ya China, wenye Tecno, Itel na Infinix, walishajijengea ufalme huku kwetu kabla ya hapo, na mojawapo ya mbinu zao ilikuwa kuzipanga kamera za simu zao kwa ajili ya ngozi nyeusi. Sikuwashukuru wote hao kwa machozi. Walipoziona pesa zetu, na nyuso zetu zikaonekana. Lakini inathibitisha jambo: kumbe iliwezekana siku zote!

Sasa rudi na mimi Mpitimbi, jikoni kwa bibi yangu.

Jiko ni la mafiga matatu, kuta zimevaa masizi ya miaka mingi, mlango mmoja, mwanga unaingia hapo tu. Bibi kakaa kwenye kigoda anamenya mihogo. Karibu na mlango kuna kalenda ya zamani ya sabuni, ina picha ya dada mmoja mweupe anacheka. Nikaiacha kamera kwenye oto, nikaielekeza kwa bibi. Kile kiboksi cha kutafuta uso kikazunguka, kikazunguka, kikaenda kutua wapi? Kwenye kalenda! Nikajaribu mara ya pili. Kalenda. Kweli, kalenda ilikuwa na mwanga zaidi, mtaalamu atanieleza hivyo, na atakuwa sahihi. Lakini mtu aliye hai alikuwa mbele yake, anahema, anamenya mihogo, na kamera ya mwaka huu ikamchagua dada wa sabuni.

Bibi kaniuliza, "Mume wangu, mbona unahangaika? Imeharibika?"

"Haijaharibika, bibi. Inatafuta."

"Inatafuta nini na mimi nipo?"

Huyu bibi ana shida yake na picha, na ndiyo iliyonifanya niandike kwa hasira hivi. Anataka picha ya siku ile. Mnaelewa ipi: ile inayotangulia mbele ya jeneza. Ana zaidi ya miaka themanini na hataki mambo yake yafanywe na watu wengine kwa haraka. Akanitolea bahasha. Ndani kuna picha moja tu ya marehemu babu, pasipoti saizi, nyeusi na nyeupe, ilipigwa mjini mwaka 1974. Nimeiangalia picha hiyo tangu nikiwa mtoto. Utaona kola ya shati, imepigwa pasi vizuri. Utaona weupe wa macho mawili. Katikati ya kola na macho hakuna kitu, ni wino. Wajukuu wote tuliozaliwa baada ya babu kufa hatuijui sura yake. Tunaijua kola yake.

Wengine wenu mtasema, aa, mpiga picha alikuwa mbovu, na fundi mbovu hulaumu jembe lake. Nimeisikia hiyo hoja mara nyingi na inanichosha. Fundi wa 1974 pale mjini alikuwa na filamu moja, karatasi moja, na vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi. Alifuata vipimo. Angekuwa na muda na mteja mwenye pesa angeweza kucheza na mwanga, kama Seydou Keïta alivyofanya kule Bamako tangu 1948, na mwanga wa uani na shuka ya kitandani kama pazia la nyuma, na watu weusi wake wakatoka weusi wenye utajiri wote. Sawa. Lakini kwa nini uso wa Shirley upatikane kwa kufuata vipimo, na uso wa babu yangu uhitaji fundi mwenye kipaji? Kinachomfaa mmoja bila juhudi na mwingine kwa kipaji tu, hicho kifaa kina upande. Jembe la namna hiyo lilaumiwe.

Na msidhani ni picha ya babu peke yake. Pita pale Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, penye kaburi la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Vita ile ya 1905 mpaka 1907 kamera zilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Wao ndio walioamua nani apigwe, akiwa amesimama vipi, na minyororo au bila minyororo. Tunachokiona leo kama "sisi wa zamani" tumeonyeshwa kwa jicho la aliyekuwa anatunyonga. Haya mambo ya nani anashika kamera na imepangwa kwa ajili ya nani si mchezo wa watoto wa mjini wenye hela.

Bibi nilimpiga hivi. Nilizima oto. Nilimtoa jikoni, nikamketisha ndani ya kizingiti, kivulini, uso ukielekea uani, ambako ardhi nyekundu inarudisha mwanga wa jua kwa upole. Mtoto wa jirani alishika shuka jeupe upande wa kushoto, akiwa anacheka muda wote. Nilipima mwanga kwenye shavu la bibi, si kwenye ukuta, si kwenye shuka. Nilizima ile kitu ya kulainisha ngozi, ambayo kamera ilikuja nayo imeshawashwa kiwandani bila kumwuliza mtu. Nikahifadhi faili ghafi. Picha ya kumi na moja ndiyo yenyewe. Mweusi kama alivyo, weusi wenye wekundu kwa chini kama mti uliopakwa mafuta; mikunjo yote ipo; kovu la chini ya jicho alilolipata akiwa msichana kwa kuni lipo. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera. Aliangalia kwa muda mrefu, akasema, "Ndiyo mimi. Hata kovu langu limekuja." Kwa hiyo kamera inaweza. Hilo nalisema wazi: ukiinyang'anya maamuzi, inaweza.

Halafu nikaipeleka studio mjini ikasafishwe, ikubwe, iwekewe fremu. Kijana wa studio, mweusi kama mimi, mstaarabu tu, akanikabidhi kesho yake. Nilikaa kimya kama dakika moja. Kamtoa bibi mweupe! Kovu hakuna. Mikunjo hakuna. Midomo imetiwa rangi. Nyuma kaweka maua ya buluu. Nikamwuliza, nani kakutuma?

"Bro, watu wote wanataka hivyo," akanijibu. "Nikimtoa mtu mweusi harudi tena hapa. Nikimwongezea weupe kidogo, analeta na dada zake."

Na hapo, ndugu zangu, hasira yangu ilikosa pa kwenda. Kwa sababu kijana hadanganyi. Si Kodak waliomtuma. Shirley hakumpigia simu. Ni sisi. Nenda kaangalie simu za washikaji wako, angalia picha zao wanazojipiga. Uso umekuwa rangi ya chapati na mikono imebaki ya ukoo. Kamera tumeipata, tena zipo simu zilizopangwa kwa ngozi yetu, na kitu cha kwanza tunachofanya ni kuiambia ituondoe.

Nilimpelekea bibi zote mbili, ile ya kijana na ile niliyomrudia akaisafisha upya bila kuigusa (akanitoza mara mbili, shauri lake). Alipoiona ile nyeupe akauliza, "Huyu dada mmemtoa wapi?" Nikamwambia ndiye yeye. Akaniangalia kwa huruma. "Mkiiweka hii mbele, watu wa msibani watafikiri wamekosea nyumba."

Sasa nageukia kwenu, waandishi, maana mnajifanya hayawahusu. Mnakaa mnatikisa kichwa, mnasema masikini vijana wa picha wamepotea. Nani aliyewafundisha? Chukua hadithi zetu, hizi hizi tunazozichapa humu. Msichana akiingia tu kwenye ukurasa wa kwanza, kabla hajasema shikamoo, ni "maji ya kunde". Akiwa mrembo zaidi ni "mweupe kiasi". Ana shingo ya pingu na macho ya kurembua, lakini rangi lazima itangulie, na rangi ni moja. Mweusi yupo, ndiyo, simkatai: ni mlinzi, ni mganga wa kienyeji, ni jambazi aliyetokea gizani "mweusi tii kama mkaa". Watu wa Mpitimbi nzima wangeingia kwenye hadithi zetu, wangegawiwa nafasi za walinzi na wachawi. Mna Shirley wenu kichwani na hamumlipi hata mshahara! Na ninyi hamna kisingizio cha fizikia. Kalamu haina kipima mwanga. Wino hauna ngazi 16,384 zilizogawanywa vibaya. Neno "mweusi" mngeweza kulipa utajiri wote mnaotaka, mkaandika weusi wa mtu wa ziwani Mbamba Bay usivyofanana na weusi wa mtu wa Tunduru, weusi wa asubuhi na wa jasho na wa homa. Hamjaandika, kwa sababu mnaandika kwa oto.

Kuhusu kamera, nilichotumwa kujibu ni hiki. Isiuzwe. Ni kamera nzuri kwa mtu asiyeiamini. Atakayeikabidhiwa azime kulainisha ngozi, apige faili ghafi, apime mwanga kwenye shavu la mtu, na aache kuogopa mbingu nyeupe. Vumbi limeshaingia kwenye lenzi, itafutwe mfuko wa kufunga vizuri kabla ya safari nyingine. Na tutengeneze kadi yetu: nimeshaanza, nina picha za watu 23 wa Mpitimbi, wakubwa kwa wadogo, waliokubali wenyewe, mchana na jioni, jikoni na uani. Mashine yoyote ya kuchapia jarida hili ipimwe kwa hao kwanza. Wakitoka wote wakiwa watu, ndipo tuchape.

Na ile hadithi mliyonipa niisome kwa toleo lijalo, yenye msichana wa maji ya kunde aliyeshuka kwenye basi Songea, nairudisha kwa mwenyewe kwa mkono wangu, haina kosa la sarufi. Nimeandika pembeni swali moja tu: mama yake huyu binti, aliyebaki kijijini anamenya mihogo, ana rangi gani, na mbona hajatokea hata kwenye ukurasa mmoja?